Kazi za michezo Kisumu, Kakamega na Nakuru kwa asiyecheza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mechi ya ligi pale uwanja wa Bukhungu, Kakamega, haianzi mpaka waamuzi wafike, mistari ionekane, ambulensi iegeshwe karibu na lango, orodha za wachezaji ziwe mezani na mtu awe amekagua usajili wa kila jina. Kikikosekana kimoja, mashabiki hurudi nyumbani. Kazi nyingi za michezo kwa mkazi wa Kisumu, Kakamega, Bungoma, Eldoret au Nakuru ziko hapo, katika mambo ambayo yasipokuwepo mchezo hausogei. Majibu haya yameegemea huko. Washambuliaji tunao tele. Watu wa kushika kazi hizo ndio adimu.

Sijawahi kuchezea timu yoyote. Nina nafasi?

Unayo. Kinachotakiwa ni ujuzi mmoja unaoweza kuuonyesha, pamoja na karatasi ya kuuthibitisha. Meneja wa timu akikuuliza unafanya nini, ukajibu kwamba unapenda sana michezo, hajui akuweke wapi. Ukimwambia kuwa unachora mistari ya uwanja wa soka na wa raga na vifaa unavyo, ataomba namba yako ya simu papo hapo.

Nianzie wapi kabla sijalipia kozi yoyote?

Tazama mechi tatu za viwango tofauti: moja ya mtaani, moja ya shule na moja ya ligi. Fika dakika 90 kabla ya kipenga cha kuanza. Andika nani anafanya nini, nani amechelewa, na kipi kimeazimwa dakika ya mwisho. Ukiona kitu kilekile kinakosekana mara tatu, umeipata kazi ambayo kwenu haina mwenyewe.

Kisha ijue kalenda. Michezo ya shule za sekondari hutanda muhula wa kwanza kwa raga ya wachezaji 15, mpira wa vikapu, magongo na mpira wa mikono. Muhula wa pili huja soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7. Mashindano hayo hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa, na kila ngazi inahitaji waamuzi, watu wa huduma ya kwanza, wapiga picha na waweka rekodi. Kwenye raga, Kisumu ina Dala Sevens na Nakuru ina Prinsloo Sevens. Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru, imekuwa kituo cha Safari Rally tangu mbio hizo ziliporejea katika ratiba ya dunia mwaka 2021. Usingoje tangazo la kazi. Mwandikie mwandalizi wiki sita kabla, kwa sababu wiki ya mwisho huwa ameshapanga watu wake na hana hata muda wa kusoma ujumbe.

Urefa unaanzaje, na mtihani wa mwili ni mgumu kiasi gani?

Urefa ndio mlango wa gharama ndogo kuliko yote. Anzia kwenye tawi la Shirikisho la Soka (FKF) la kaunti yako, uulizie kozi ya waamuzi wanaoanza. Humo utafundishwa sheria 17 za mchezo, ishara, mahali pa kusimama na uandishi wa ripoti. Vifaa ni vichache: vipenga viwili, saa mbili, kadi, sarafu, kalamu mbili na kijitabu kisichoharibika kwa maji. Mvua ya alasiri ya Kakamega imewapotezea waamuzi wengi majina ya waliofunga.

Mtihani wa mwili wa kiwango cha kimataifa kwa wanaume una sehemu mbili. Ya kwanza ni mbio 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, na mapumziko ya dakika moja katikati. Ya pili ni kukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40 mfululizo. Jumla ni mita 4,000, yaani mizunguko 10 ya uwanja wa riadha. Ngazi za chini na wanawake wana muda uliolegezwa kidogo.

Wanaofeli sehemu ya pili mara nyingi hawafeli kwa kukosa kasi. Hufika kwenye alama kwa sekunde 12 badala ya 15 katika mizunguko ya mwanzo, moyo ukapanda mapema, na kufikia mzunguko wa saba miguu imekwisha. Rekodi kipenga kwenye simu kwa vipindi vilevile vya mtihani, uzoee kufika alamani sekunde ya 14. Anza na mizunguko 4, ongeza mmoja kila wiki, na katika wiki ya saba utakuwa umefikisha 10. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, wala si kila siku. Misuli ya paja la nyuma haisamehe.

Ripoti ndiyo inayowapandisha waamuzi ngazi au kuwaangusha. Iandike usiku uleule: dakika, namba ya jezi, kosa lenyewe, na maneno yaliyotamkwa jinsi yalivyotamkwa. Ukiandika tu kwamba mchezaji alikuwa na utovu wa nidhamu, kamati haina cha kushika na kesi huanguka. Kuhusu ndoto ya beji ya FIFA: refa wa kati huingia kwenye orodha hiyo akiwa ametimiza angalau miaka 25, na msaidizi miaka 23, kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 18 ana muda wa kutosha wa kupanda.

Jambo moja tunalisisitiza kwa uchungu: usisafiri kwenda mechi ya mashinani peke yako, na nauli ikubaliwe kabla hujapanda matatu. Timu mwenyeji ikishindwa, mkoba wa mweka hazina huwa mgumu kufunguka.

Vipi ukocha?

Leseni za soka za Afrika hutolewa chini ya CAF, shirikisho la soka la bara hili, kwa ngazi za D, C, B, A na Pro, na kozi za mwanzo huendeshwa kupitia FKF. Huwezi kuruka ngazi. Kati ya kozi moja na nyingine unatarajiwa kufundisha timu, kwa hiyo weka daftari la mazoezi tangu siku ya kwanza: tarehe, idadi ya wachezaji, lengo la zoezi, kilichofaulu na kilichokwama. Wengi huja kwenye mahojiano na vyeti sita vya semina za siku moja, bila leseni hata moja. Semina hizo zina faida yake, lakini hazihesabiki kama ngazi.

Kwa raga, tovuti ya mafunzo ya World Rugby ina masomo ya bure kuhusu usalama, huduma ya kwanza na mtikisiko wa ubongo. Yamalize kabla hujaomba nafasi ya kusaidia timu ya shule. Mwalimu wa michezo anayekuona umekuja na vyeti hivyo anajua hutamletea balaa.

Ukisema ukweli mtupu, makocha wengi wa sehemu hii hula kwa kazi nyingine, hasa ualimu. Sifa za soka za Shule ya Kakamega, Kisumu Day au St. Anthony's Kitale zimejengwa na watu wanaoingia darasani asubuhi. Kama unapenda kufundisha watoto, shahada ya ualimu pamoja na leseni ya ukocha ni msingi imara kuliko leseni peke yake.

Kuchora uwanja ni kazi kweli?

Ni kazi, na shule nyingi pamoja na klabu za chini hazina mtu anayeifanya sawasawa. Utaona uwanja ambao kona moja imepinda, na kijisanduku cha penalti cha upande huu ni kikubwa kuliko cha upande ule. Timu ikikata rufaa, mwandalizi hana la kujitetea.

Vipimo vya kawaida vya uwanja wa soka ni mita 105 kwa 68. Goli ni mita 7.32 kati ya milingoti, na mita 2.44 kutoka ardhini hadi chini ya mtambaapanya. Kijisanduku kinaingia ndani mita 16.5 na upana wake ni mita 40.32, kile kidogo cha kipa ni mita 5.5 kwa 18.32. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli, duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 9.15, na robo duara ya kona ni mita 1. Mstari usizidi upana wa sentimita 12.

Kazi inakwenda hivi. Pigilia kigingi kwenye kona ya kwanza na unyooshe kamba ya mstari wa pembeni. Ili kona iwe mraba, pima mita 6 kwenye mstari mmoja na mita 8 kwenye ule mwingine. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe mita 10 kamili. Ukishaweka kona zote nne, pima mshazari wa kwanza na wa pili. Kwa uwanja wa 105 kwa 68, kila mmoja unapaswa kuwa karibu mita 125.1. Ukipata tofauti ya zaidi ya sentimita 20, usianze kupaka. Sogeza vigingi kwanza. Wengi huona uvivu wa kupima mishazari, na hapo ndipo uwanja unapopinda.

Kamba nayo ina hila zake. Nailoni hunyumbuka ukiivuta, na katani hunywea ikilowa umande. Tumia utepe wa kupimia wa mita 50 au 100 kwa vipimo, kamba iwe ya kuongoza mkono tu. Mistari yote ya uwanja huo ikijumlishwa hukaribia mita 720, kwa hiyo watu wawili wenye kitoroli cha kuchorea wanahitaji asubuhi nzima kwa mara ya kwanza. Mara ya pili huwa rahisi ukiwa umeacha misumari mirefu yenye utambi wa rangi ardhini kwenye kona, ikiwa imezama chini ya usawa wa nyasi ili isimdhuru mchezaji.

Chokaa ya ujenzi ni hatari. Ikichanganyika na jasho au mvua huunguza ngozi na macho, na mchezaji anayeteleza juu yake hupata jeraha baya. Tumia rangi ya maji ya viwanjani au unga wa mawe ya chokaa usiochomwa. Oili chafu ya injini na dawa ya kuua magugu zisitumike kabisa: huua nyasi, huacha mfereji, na msimu unaofuata mpira hudunda ovyo hapo.

Mtu anayejua pia kukata nyasi hupata kazi ya kudumu. Kanuni ni moja: usikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mkupuo mmoja. Nyasi ya milimita 90 ukiishusha hadi 30 kwa siku moja hugeuka manjano, na mizizi hulegea wakati ambapo timu inataka uwanja. Viwanja vya gofu, kama vile vya Kisumu, Kakamega na Nakuru, ni shule nzuri ya kazi hii hata kwa anayelenga soka.

Nataka kuwa fizio wa timu. Nisome nini?

Tenganisha mambo mawili. Mtu wa huduma ya kwanza hupata cheti kwa siku chache, kwa mfano kupitia Msalaba Mwekundu au St. John Ambulance. Mtaalamu wa fiziotherapia husoma stashahada au shahada na kusajiliwa na baraza la taaluma hiyo. Kujiita fizio bila usajili ni kosa, na timu inayokupa jina hilo inajiweka matatani siku mchezaji atakapoumia vibaya. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hutoa stashahada ya fiziotherapia. Angalia katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, ni kampasi zipi zinazopokea mwaka wako. Ukishasajiliwa, FIFA ina mafunzo ya tiba ya soka mtandaoni bila malipo.

Kwa mkoba wa mechi moja ya mashinani, beba angalau mafurushi mawili ya barafu kwenye chombo kinachohifadhi baridi, bandeji za kunyumbuka 4, shashi tasa 10, glavu jozi 6, utepe wa kufungia viungo roli 3, maji safi lita 5 ya kuoshea vidonda, mkasi, na blanketi. Barafu huwekwa juu ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, isiguse ngozi moja kwa moja.

Makosa mawili huua. La kwanza ni kumrudisha uwanjani mchezaji aliyegongwa kichwa kwa kuwa amesema yuko sawa. Ukishuku tu mtikisiko wa ubongo, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali na kocha anapiga kelele. La pili ni kusitasita mtu anapoanguka bila kuguswa na yeyote. Akiwa hajitambui wala hapumui kawaida, bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mwingine aite ambulensi na kutafuta mashine ya kushtua moyo. Zoeza benchi lote jambo hili kabla ya msimu, kwa sababu fizio peke yake huchoka ndani ya dakika mbili.

Naishi karibu na Eldoret. Riadha ina kazi gani zaidi ya kukimbia?

Iten iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, na wakimbiaji wa kigeni huja huko na Kaptagat kufanya mazoezi. Wanahitaji wakandaji wa misuli, wawekaji kasi wa mazoezini, wapishi wanaoelewa chakula cha mkimbiaji, madereva wa kufuata mbio ndefu na maji, na wasimamizi wa kambi. Mwekaji kasi anayeaminika ni yule anayeweza kukimbia kilomita baada ya kilomita kwa tofauti ya sekunde mbili au tatu. Mwenye kasi ya ghafla hawamtaki, maana huharibu zoezi la siku nzima. Andika mapatano: kasi gani, umbali gani, siku ngapi kwa wiki, na nani analipa ukiumia.

Nimesikia kuhusu wasindikizaji wa wanariadha wanaopimwa pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu. Hiyo ni kazi gani?

Shirika la kupambana na pufya nchini, ADAK, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2016, hutumia maafisa wa kuchukua sampuli na wasindikizaji. Msindikizaji humjulisha mwanariadha kwamba amechaguliwa, kisha hamwachi machoni mpaka afike kituoni. Kazi yenyewe ni ya saa chache, huja kwa vipindi, na inafaa sana mtu mwenye kazi nyingine.

Undani wake ndio unaowashinda wengi. Mwanariadha akishaarifiwa, muda unaandikwa. Anaruhusiwa kupokea medali au kutibiwa, lakini wewe uko naye. Haingii chooni peke yake. Sampuli ya mkojo inahitaji angalau mililita 90: 60 za chupa A na 30 za chupa B. Anayeshuhudia mkojo ukitoka lazima awe wa jinsia moja na mwanariadha, kwa hiyo wanawake wanahitajika kwenye kila kikosi. Msindikizaji awe mtu mzima, asiwe na undugu wala maslahi na mwanariadha, na asitangaze jina la aliyepimwa popote. Picha moja ya kujionyesha ukiwa kituoni inatosha kukufukuzisha.

Jiandae kwa kumaliza masomo ya bure ya ADEL, jukwaa la mafunzo la WADA (shirika la dunia la kupambana na pufya), kisha fuata matangazo ya ADAK yenyewe.

Klabu yetu haina pesa ya kuajiri. Naweza kuifanyia nini kikaleta pesa?

Weka rekodi. Hii ndiyo kazi tunayoipigia debe kuliko zote, kwa kuwa vijiji vyetu vimelea wachezaji na kuambulia patupu.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei nzima. Kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Tuseme kijana alisajiliwa kwenu kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 14 hadi ule wa 17, na baadaye akauzwa kwa dola milioni 1. Miaka miwili ya mwanzo inaleta asilimia 0.5, miwili ya mwisho asilimia 1, jumla asilimia 1.5. Hizo ni dola 15,000. Kwa klabu ya Mumias au Ahero, hiyo ni misimu kadhaa ya nauli na jezi.

Pesa hizo hupotea kwa sababu tatu. Akademia haijajiunga na shirikisho, kwa hiyo machoni pa FIFA haipo. Au imejiunga lakini kijana alicheza kwa kadi ya ndugu yake, majina yakapishana na pasipoti. Au alisajiliwa kwa mdomo, hakuna tarehe ya kuanza na kuondoka. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo husoma rekodi za usajili za kielektroniki. Isipokuona humo, daftari la kocha halitakusaidia.

Kwa hiyo kazi yako ni hii: sajili klabu kwa Msajili wa Michezo kama inavyotakiwa na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ijiunge na tawi la FKF, kisha kwa kila mtoto weka nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, barua ya mzazi, na tarehe za kila msimu. Herufi za jina zifanane na cheti, moja baada ya nyingine. Wanjala na Wanjalla ni watu wawili kwenye kompyuta. Patana na klabu mapema kwa maandishi utalipwa nini rekodi zikizaa matunda.

Fidia ya mafunzo, ile inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, ni jambo jingine, na haihusu soka ya wanawake. Mgao wa asilimia 5 unawahusu wote.

Nataka kuwa wakala wa wachezaji.

Leseni hutolewa na FIFA kwa mtu binafsi, baada ya mtihani wa maswali 20 ya kuchagua. Ili kufaulu unahitaji asilimia 75, yaani majibu 15 sahihi, ndani ya saa moja. Unaruhusiwa kufungua kanuni wakati wa mtihani, na hiyo huwadanganya watu: saa moja kwa maswali 20 ni dakika 3 kwa kila swali, haitoshi kutafuta ukurasa usioujua. Fanya mazoezi ya hesabu za mgao na fidia, na ujue sheria za watoto wa chini ya miaka 18. Leseni yenyewe ni dola 600 kwa mwaka, na mkataba wa kumwakilisha mchezaji hauzidi miaka miwili.

Kwa wazazi: yeyote anayeomba pesa ya majaribio Ulaya kwa kijana wa miaka 15 hana la kukupa. Uhamisho wa kimataifa wa watoto wa chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa hali chache. Jina la wakala halali hupatikana kwenye orodha ya wazi ya FIFA. Litafute hapo kabla hujauza ng'ombe.

Uchambuzi wa video unahitaji vifaa gani?

Simu yenye picha ya 1080p, mguu wa kamera, betri ya akiba na nafasi ya GB 6 hadi 12 kwa mechi moja. Urefu unashinda ubora wa kamera. Simama mstari wa katikati, mita 4 hadi 6 juu ya ardhi, kwenye jukwaa au paa la darasa lililo imara. Ukirekodi ukiwa usawa wa nyasi, wachezaji hufunikana na kocha haoni nafasi kati ya mabeki. Kaa upande wa magharibi ili jua la alasiri liwe mgongoni. Kisumu upepo wa ziwa huanza kuvuma mchana, basi ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya mguu wa kamera.

Kata video kwa programu ya bure kama Kinovea. Kocha wa mashinani hataki dakika 90. Mpe vipande 8 hadi 12 visivyozidi dakika 10 kwa jumla, vya jambo moja: tuseme jinsi timu ilivyopoteza mpira ikitoka nyuma. Kampuni za takwimu nazo hutafuta watu wa kurekodi matukio viwanjani. Masharti yao hukataza kubeti, na tunaunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Kuna watakaokuomba uchelewe kuripoti bao kwa sekunde chache, na huo ni uhalifu.

Utangazaji wa redio?

Redio za lugha za nyumbani na za eneo hili ndizo zinazoajiri wasiojulikana: Ramogi, Mulembe, Lake Victoria ya Kisumu, West FM ya Bungoma. Peleka rekodi ya dakika 5 ya mechi halisi uliyotangaza ukiwa umekaa jukwaani na simu. Taja matokeo na dakika kila baada ya dakika mbili au tatu, maana msikilizaji aliyefungua redio sasa hivi hajui kitu. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuingia bila orodha ya wachezaji, kisha kipindi kizima ni "yule wa jezi saba". Ichukue kwa afisa wa mechi dakika 60 kabla, uulize majina yanavyotamkwa. Ukianza kulipwa, omba kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari; hulipiwa kila mwaka.

Ni lazima nisome chuo kikuu?

La. Fiziotherapia, ualimu na nafasi za afisa wa michezo wa kaunti ndizo zinazotaka stashahada au shahada. Ukitaka shahada, Masinde Muliro pale Kakamega ina idara inayofundisha sayansi ya michezo, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kimekuwa na fani hiyo kwa muda mrefu. Uliza kila chuo kama kina mazoezi ya vitendo ndani ya timu. Kama hakina, yatafute mwenyewe.

Mimi ni msichana. Nitaheshimiwa?

Nafasi ni nyingi kuliko unavyodhani, hasa urefa, usindikizaji wa wanaopimwa pufya na huduma za tiba. Vihiga Queens walicheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF ilipofanyika kwa mara ya kwanza, Misri, mwaka 2021, na shule za eneo hili zinaendelea kufungua timu za wasichana zinazotaka wafanyakazi wanawake. Sema mapema kwamba unahitaji chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli na usafiri wa kurudi kabla ya giza. Mwandalizi anayeona hayo ni makuu hafai kufanyiwa kazi.

Nitalipwaje, na nitayarishe karatasi gani?

PIN ya KRA, akaunti ya benki au M-Pesa iliyo kwa jina lako, usajili wa SHA (mamlaka ya bima ya afya), na cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), kinachoombwa kupitia eCitizen. Bila cheti hicho usifanye kazi na watoto, wala usikubali kufanya na mtu asiyekuwa nacho. Malipo ya kitaalamu hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla hayajakufikia. Dai hati ya makato ili ikuhesabiwe mwisho wa mwaka.

Kabla ya kusema bei, jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula, vifaa vitakavyotumika, na siku utakayopoteza. Tuseme kuchora uwanja wa Kakamega ukitokea Kisumu kunakula Ksh 2,600 za rangi, nauli na msaidizi. Ukikubali Ksh 3,000, umefanya kazi ya asubuhi nzima kwa Ksh 400. Omba nusu kabla ya kununua rangi. Ankara ya nusu iliyobaki iandike kwa kalamu na kuikabidhi siku ileile, ikiwa na sahihi ya aliyepokea, kabla milingoti haijang'olewa na mweka hazina hajazima simu.